Ukurasa wa Mama Celine

Katika ploti yao, safu ya vyumba vya kupanga pale Mashimoni, Kibera, hakuna aliyemjua kwa jina la Magdaline. Alikuwa Mama Celine, basi, kama vile jirani wa mlango wa pili alivyokuwa Mama Khamala na yule wa nyuma Mama Mapacha. Kibera mwanamke akishapata mtoto, jina lake la kitambulisho huenda likizo. Magdaline alilipenda jambo hilo kuliko watu walivyodhani. Lilikuwa kama kujifunika blanketi mchana kweupe na hakuna anayekuuliza unaumwa nini.

Alihamia hapo miaka miwili iliyopita na mtoto wa miaka minne, godoro moja na jiko la mafuta. Watu waliuliza, kwa sababu Mashimoni watu wasipouliza ujue wamehama. Akawaambia baba ya mtoto yuko Qatar, analinda geti la hoteli. Hadithi ya Qatar ni nzuri. Karibu kila ploti ina mtu wake Qatar, kwa hiyo swali la pili haliji.

Baba Celine hakuwa Qatar. Alikuwa Kawangware 46, mwendo wa saa moja kwa miguu ukijua vichochoro, anachomelea mageti. Naftaly alikuwa fundi wa kusifiwa. Mageti yake yote yalikuwa na simba wawili wanaotazamana, na watu walitoka mbali kuagiza hao simba. Siku moja aliinua kipande cha chuma kabla hakijapoa akakiweka juu ya mkono wa Magdaline, hivi, kama mtu anayepiga muhuri. Halafu akamwambia kwa sauti ya kuagiza chai: "Ukiondoka na mtoto wangu nitawatafuta. Nikiwapata sitaongea."

Ndiyo sababu Mama Celine alivaa mikono mirefu hata lile jua la Februari linapochemsha mabati, na ndiyo sababu simu yake ilikuwa kabambe, ya kupiga na kutuma ujumbe tu.

Sasa, kazi. Kulikuwa na kituo cha kulea watoto wadogo huko Lavington, wanatafuta mlezi. Magdaline alikuwa amefua nguo za watu mlango kwa mlango hadi vidole vikawa kama tangawizi, na jioni akasomea cheti cha malezi kanisani. Alipeleka makaratasi yake, akaitwa Jumatano. Mwenye kumhoji aliitwa Madam Wagaki, mama nadhifu mwenye sauti ya mwalimu wa Sande skuli.

"Magdaline Akoth," alisema akifungua faili. "Nimekutafuta."

Magdaline alitazama mlango.

"Mtandaoni, namaanisha. Facebook, TikTok, hauko. Nimejaribu jina mbele nyuma. Mwanamke wa miaka ishirini na tisa, Nairobi hii, hana hata picha ya Krismasi?"

"Simu yangu ni kabambe, madam."

"Askari wetu wa geti ana kabambe na Facebook yuko." Wagaki alitabasamu kidogo. "Sikia, mama. Hapa wazazi wanatuachia watoto wasiojua kusema. Kabla ya kuandika mtu kazi tunamwangalia kule, tujue anakaa na watu gani, anaongeaje akiwa hajui tunamwona. Mwenye picha za pombe nitamuuliza, atajitetea. Asiye na chochote, huyo ndiye ananipa woga. Anaficha nini?"

"Sifichi kitu, madam."

"Basi niletee ukurasa. Jina la kitambulisho, uso wako, na watu wanaokufahamu. Jumamosi saa sita."

Magdaline alifikiria kumwambia. Maneno yalifika kwenye meno yakarudi. Nani anampa kazi ya watoto mwanamke anayefuatwa na mwanamume? Siku atakayotokea Naftaly kwenye lile geti, wazazi wote wenye magari watataka kujua ni nani aliyemleta. Akashukuru, akatoka.

Ukikwama Mashimoni unaenda kwa Jackie. Jackie alikuwa na saluni ya mabati mkabala na kiosk ya maji, viti viwili na kioo kimoja chenye ufa, na humo ndani hakukosi wanawake saba hata kama anayesukwa ni mmoja. Jackie alijua mimba kabla ya mwenye mimba. Facebook alikuwa na marafiki elfu nne, kuanzia Dagoretti hadi Dandora, kwa sababu kila kichwa alichosuka alikipiga picha.

"Hiyo tu? Ukurasa?" alicheka akiwa na kichana mdomoni. "Mama Celine, wewe ulikuwa unalia juu ya hiyo? Nikupe leo leo."

"Lakini nisionekane sana, Jackie."

"Ati usionekane sana! Unaomba kazi ama unatoroka polisi?"

Saluni yote ikacheka, na Magdaline akacheka pamoja nao ili asiachwe peke yake.

Walimpamba. Mama Khamala alileta blauzi yake ya kwaya, mikono mirefu, nyeupe kama mtindi. Mumbi wa mboga alileta Biblia yenye zipu. Wakamsimamisha mbele ya kiosk ya maji kwa sababu ukuta wake ulikuwa umepakwa bluu wiki hiyo hiyo na hapakuwa na ukuta mwingine msafi. Alipoona Celine anavutwa kwenye picha, akiwa na sweta lenye nembo ya shule, Magdaline alishika mkono wa mtoto.

"Huyu aachwe."

"Unatafuta kazi ya watoto na wako umemficha?" Jackie akauliza. "Watafikiri umemwiba. Celine, smile kwa auntie."

Celine akatabasamu, jino la mbele hana.

"Basi mtaa usiandike," Magdaline alisema. "Jackie, niangalie. Usiandike tuko wapi."

"Siandiki, aki ya Mungu."

Na Jackie hakuandika. Mwacheni Jackie apewe haki yake. Alifungua akaunti kwa simu yake mwenyewe, Magdaline Akoth, akaweka picha tatu na aya ya Zaburi. Kisha alipoona ukurasa umepoa, hauna hata like, akaona aibu kwa niaba ya rafiki yake. Akausambaza kwa wale elfu nne. Akazunguka ploti nzima, mlango kwa mlango, akiwaambia wamsifu Mama Celine huko, tajiri wa Lavington aone ana watu.

*

Jumamosi saa sita, Madam Wagaki alikuwa amefungua ukurasa kwenye kompyuta kubwa. Ilikuwa mara ya kwanza Magdaline kuuona. Uso wake ulikuwa mkubwa kuliko sahani.

"Comments mia moja na kumi," Wagaki alisema. "Wanakupenda, eh? Hebu sikia huyu. 'Ni jirani wangu hapa Mashimoni, mlango wa tatu kutoka kiosk ya maji, mtoto akilia anaamka kabla ya mwenye mtoto.' Huyo ni Mama Khamala."

Magdaline alitabasamu. Aliusikia uso wake ukitabasamu peke yake, kama si wake.

"Na huyu. 'Celine anaongoza darasa pale shule ya kanisa, mama yake humfikisha kila asubuhi saa moja kamili, hajawahi kuchelewa.' Hiyo napenda sana. Mtu wa saa."

Mlango. Shule. Saa. Magdaline alishika ukingo wa meza. Feni ilikuwa inazunguka lakini jasho lilimtambaa mgongoni polepole kama mdudu.

"Na huyu Mumbi anachekesha. 'Baba Celine huko Qatar, uone chombo ulichoacha!'" Wagaki akafungua faili. Akavua miwani. "Kwenye fomu umeandika huna mume."

"Hatuko pamoja, madam."

"Majirani wanasema yuko Qatar."

"Majirani hawajui."

"Sasa unaona kwa nini tunaangalia?" Wagaki hakusema kwa ubaya. Alisogeza kipanya cha kompyuta kwa kidole. "Halafu huyu je? Baba mtoto mwenyewe amejibu chini ya Mumbi, jana jioni. 'Nimeona. Mungu ni mwema. Nimetua juzi. Jackie, angalia inbox.'"

Magdaline hakusoma jina. Aliona picha tu, ile duara ndogo pembeni: geti jeusi, na simba wawili wanaotazamana.

Unajua mtu anaweza kuanguka akiwa ameketi? Kiti kilikuwa chini yake na bado alianguka. Miaka miwili alikuwa akijiambia Naftaly amesahau, ana mke mwingine, ana kazi nyingi. Kumbe alikuwa anangoja tu mtu amwonyeshe mlango. Na alipokuta uongo wa Qatar pale kwenye comments, aliuvaa kama koti lililoshonwa kwa kipimo chake.

"Uko sawa, mama?"

"Niko sawa. Ni joto."

"Haya. Ukurasa usiufunge. Mkurugenzi atauangalia leo, na ukipita tunawatumia wazazi wa watoto. Wanapenda kujua mtoto wao anashikwa na nani."

Alipofika nje ya geti alipiga simu ya Jackie. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Jackie na simu! Akasimamisha bodaboda, yeye ambaye miaka miwili amekanyaga kwa miguu, akamwambia kijana wa piki asijali matuta.

*

Alianza kusikia harufu ya pilau kabla ya kuona mlango wake. Mlango, ambao alimwachia Jackie ufunguo pamoja na mtoto, ulikuwa wazi. Ndani, kwenye chumba cha hatua nne kwa hatua nne, wanawake kumi na mmoja walikuwa wamekaa kitandani, kwenye mitungi, kwenye jiko lililogeuzwa, na mwingine ananing'iniza kitambaa chekundu dirishani. Walipomwona wakapiga vigelegele hadi mabati yakaitikia.

"Bibi harusi amefika!"

"Mwone alivyo na jasho. Umeambiwa? Nani amemwambia?"

"Jackie, kumbe siri imevuja!"

Jackie alitoka katikati yao, mikono ina mafuta, uso unang'aa kwa raha ya mtu aliyebeba habari siku nzima bila kuimwaga. "Mama Celine, kaa chini kwanza. Uko na mgeni. Nimeongea na yeye jana mpaka bando ikaisha. Shemeji ni mpole, wueh! Ati tusikuambie, anataka kukusapraizi. Aliuliza mpaka namba ya kiatu cha mtoto."

"Ukamwambia?"

"Thelathini. Si ndiyo?"

"Celine yuko wapi?"

"Hapo saluni, nimeanza kumsuka, baba yake amkute smart."

"Anakuja saa ngapi?"

"Saa nane."

Simu ya Mumbi ilikuwa kitandani, inaonyesha saa nane kasoro dakika kumi na mbili. Magdaline alifanya kitu ambacho hakuwa amefanya mbele ya mtu yeyote Kibera. Alifungua kifungo cha mkono wa kulia, akakunja hadi kwenye kiwiko.

Kovu lilikuwa na umbo la kile chuma, mraba, kona nne, limejikunja katikati kama karatasi iliyokaribia moto.

"Hajawahi kwenda Qatar," alisema. "Ni wa Kawangware. Hii ni yeye. Amesema akitupata hataongea."

Nimeambiwa na waliokuwepo kwamba aliyekuwa anakoroga pilau aliacha mwiko sufuriani. Mama Mapacha aliweka mkono kifuani. Jackie alitazama lile kovu, akatazama kitambaa chekundu dirishani, mdomo wake ukafunguka na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe haukutoa kitu.

"Mbona hukusema?" Mama Khamala alinong'ona.

"Ningemwambia nani mkanyamaza?"

Mumbi aliangalia miguu yake.

Simu ya Jackie ililia. Kwenye kioo palikuwa pameandikwa Shemeji.

"Shika," Magdaline alisema. "Usiposhika atajua."

Jackie alishika. "Haloo, shemeji! Umefika wapi?"

Sauti ilitoka kwenye simu polepole, tamu, chumba kizima kikaisikia. "Niko hapa. Naona ukuta wa bluu."

Njia ya kutoka kwenye ile ploti ni moja tu, na inapita mbele ya kiosk. Mama Khamala, mwanamke mnene wa miaka hamsini na magoti mabovu, aliruka kama msichana. Alikimbilia saluni kupitia uwazi wa nyuma ya bafu, unaoishia mgongoni mwa saluni tu, akarudi amembeba Celine begani, nusu ya kichwa imesukwa na nusu iko wazi. Akawasukuma mama na mtoto chumbani kwake, nyuma ya pazia la kitanda, akafunga kwa nje na kufuli. Kati ya chumba chake na cha Magdaline palikuwa na ukuta wa mabati uliotobolewa na misumari ya zamani. Kupitia tundu moja Magdaline aliona kipande cha meza yake, na sahani, na goti la Mumbi.

Kisha kiatu cha mwanamume. Buti la kazi lenye vidoti vilivyochomwa na cheche za kuchomelea.

"Hamjambo, kina mama."

"Hatujambo, shemeji, karibu, karibu kiti." Ilikuwa sauti ya Jackie, juu zaidi ya kawaida yake.

"Nyumba imejaa."

"Sisi ndio hivi. Mgeni wa mmoja ni wa wote."

"Yuko wapi mama?"

Magdaline alihisi Celine amejibana kwenye mbavu zake. Mtoto wa miaka sita. Alipoondoka Kawangware alikuwa na minne, hangeweza kukumbuka, hivyo ndivyo mama yake alivyojiambia kila siku. Akamwangalia. Celine alikuwa ameshajiziba mdomo kwa mikono yake miwili, mwenyewe, bila kuambiwa, na macho yamekodoka kuelekea mabati. Joto likaenea kwenye sketi ya Magdaline. Mtoto alikuwa amejikojolea, na hakutoa hata sauti ya panya.

"Mama Celine amehama," Jackie alisema upande ule.

"Amehama lini? Jana uliniambia yuko."

"Leo asubuhi, shemeji! Hata sisi tumeshtuka. Tunafikiri ni Mlolongo, ana dada yake huko. Amebeba mtoto na begi. Si alisikia unakuja? Hawa wanawake midomo yao, yaani, siwezi kukuambia."

"Na hiki chakula mlimpikia nani?"

"Wewe! Ulisema unakuja, tukulaze njaa? Mumbi, pakua."

Sahani ikagonga meza. Buti halikusogea. Kupitia tundu Magdaline aliona mkono ukishika kijiko, ule mkono, kucha fupi, kovu dogo kwenye kidole gumba. Ukachota pilau. Ukasimama. Naftaly alikuwa anasikiliza. Alikuwa na masikio ya fundi, anayejua chuma kimeshika au hakijashika kwa kukigonga tu. Akanyoosha mkono mwingine akagonga mabati, mara mbili, taratibu. Ngo, ngo. Upande huu Magdaline alihisi mtikisiko kwenye paji la uso.

"Hapa ni kwa nani?"

"Kwangu," akasema Mama Khamala. "Nimefunga, nina kifaranga mgonjwa."

Nje kukasikika miguu, na mingine, na mingine. Ploti ilikuwa imeshapashana habari kwa njia zake. Mama wa maji aliacha kiosk, wa mandazi aliacha karai, wakaja wakaingia, wakakaa palipobaki, halafu wakasimama palipobaki, hadi goti la Mumbi na buti vikafunikwa na leso. Hakuna aliyemtukana. Walimwangalia tu akila, wanawake ishirini na kitu, na yeye katikati na kijiko.

Hakumaliza.

"Haya," alisema mwishowe, akainuka. Ilibidi aombe njia, na walimpa nusu nusu. "Nimeacha viatu vya mtoto hapo mezani. Mumwambie mama yake hakuna haja ya kukimbia. Shule nimeshaiona. Ni nzuri."

*

Kufuli lilifunguliwa saa tisa, baada ya Mumbi kumfuata Naftaly kwa mbali hadi barabarani na kuhakikisha amepanda gari. Jackie aliingia akapiga magoti kwenye simenti, analia hadi wanja umefika shingoni.

"Nichape, Mama Celine. Nichape hata kofi moja."

"Nipe simu yako."

Jackie aliitoa. Juu ya kioo palikuwa na ujumbe mpya, umeingia kwenye ukurasa dakika ishirini zilizopita. Madam Wagaki. Mkurugenzi ameona, amefurahi sana na jinsi anavyopendwa. Aje Jumatatu saa mbili aanze kazi. Ukurasa ubaki wazi, wazazi wameshaanza kutumiwa.

Jackie aliusoma begani kwake. "Umepata," alisema kwa sauti ndogo. "Mama Celine, umeipata."

Magdaline alisoma mara mbili. Aliiona ile nyumba ya Lavington, vitanda vidogo vimepangwa, feni, sabuni yenye harufu ya limau. Kisha akabonyeza alipoelekezwa na Jackie, na simu ikamuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza tena. Uso wake wenye blauzi ya kwaya ukapotea, na Celine bila jino, na ukuta wa bluu.

Kwa kabambe yake aliandika polepole, herufi kwa herufi: Madam ni Magdaline. Ukurasa nimefunga. Kuna mtu ananitafuta na amenipata kwa huo ukurasa. Jumatatu nikikubaliwa nitakuja nikueleze kwa mdomo. Wanaonijua wako hapa, wapigie.

Akaweka namba ya Mama Khamala, si ya Jackie. Jackie aliona, akafuta wanja shingoni.

Jibu halikuja. Saa kumi ikapita. Mama Khamala alikuwa na dada yake Kambi Muru, upande mwingine wa Kibera, chumba chenye mlango unaofungia ndani kwa komeo mbili, na walikubaliana watavuka kwenda huko kukiwa bado kweupe, wamezungukwa na wanawake kama wanaoenda mazishini. Viatu vipya vilibaki mezani, namba thelathini, hakuna aliyetaka kuvigusa. Magdaline alikuwa ameketi kitandani na wembe, anafumua nembo ya shule kwenye sweta, uzi mmoja baada ya mwingine, na mara mbili akakata sufu yenyewe.

Celine, aliyeoshwa na kuvalishwa gauni la mtoto wa Mama Mapacha, alikuja akasimama kati ya magoti yake. Upande mmoja wa kichwa chake bado haukuwa umesukwa.

"Mama."

"Eh."

"Huko tunaenda, mimi nitaitwa nani?"